Nibu ya Mzee

Nianze na kalamu yenyewe, maana sisi watoto wa Bic tunaweza kupotea njiani. Parker 45 ni kalamu ya wino iliyoingia sokoni mwaka 1960. Mzee wangu alikuwa nayo, nyeusi, kifuniko cha chuma, nibu ya dhahabu. Mimi yangu niliipata kwa mitumba, Kariakoo: ya buluu, nibu ya chuma cha pua, ncha kama sindano, inakwaruza karatasi mpaka meno yanauma.

Sasa uzuri wa Parker 45, au ubaya wake, ni huu: nibu haikugandishwa. Unashika nibu pamoja na ule ulimi mweusi wa plastiki ulio chini yake, unaopitisha wino, unazungusha kama unafungua skrubu, vyote vinatoka kwa pamoja. Kama wino umegandia, loweka kwanza kwenye maji baridi, yasiwe ya moto. Nyembamba, nene, ya chuma, ya dhahabu, zote zinaingia kwenye 45 yoyote. Usijaribu kwa Parker 51, ile nibu yake imejificha ndani ya ganda. Lakini hii ni kazi ya dakika moja. Huhitaji fundi. Huhitaji hata ujasiri.

Nilikuwa naandika hadithi yangu ya kwanza ya kupeleka gazetini, na imekwama. Nikajiambia kinachonikwamisha ni nibu. (Mnacheka? Nani kati yenu hajawahi kulaumu meza, au redio ya jirani?) Ijumaa moja mzee kaenda msikitini, nikabadilisha. Yake kwangu, yangu kwake. Kalamu nyeusi ikabaki pale pale mezani, kwa nje haijaguswa.

Lo, dhahabu inateleza! Kurasa kumi na moja usiku mmoja. Hadithi yenyewe ilikuwa mbovu, lakini hayo niliyajua baadaye.

Wiki ya pili nikamsikia anamwambia mama, "Mkono umeanza kuzeeka huu. Naandika kama mtoto wa darasa la kwanza." Mama akamwambia aende hospitali akapimwe macho.

Kila mwisho wa mwezi mzee alikuwa akimwandikia baba mkubwa, Tanga. Mwezi ule akaniita. "Mwanangu, njoo uniandikie, mimi nitakutajia." Nikakaa. Nikaandika, kwa nibu yake mwenyewe, kwamba afya yake si nzuri, kwamba mkono unamtetemeka, kwamba asishangae kuona mwandiko wa mtoto.

Ningesema pale pale. Sikusema.

Usiku ule niliirudisha. Dakika moja, kama nilivyokwambia. Asubuhi nikamsogezea kalamu na karatasi, nikamwomba ajaribu tu, hata kuandika jina. Akatabasamu, akanirudishia.

Hakuishika tena. Ilikaa mezani na nibu yake ya haki, wino ukakaukia ndani, na mimi kila mwisho wa mwezi nikawa naitwa nije na kalamu yangu, ile inayokwaruza.