Mdada wa Sizoni na Mama Yake wa Mabondo

San Francisco kuna Chinatown, mtaa wa Wachina mkongwe kuliko yote Marekani. Los Angeles kuna Koreatown. Mtu wa huko akitaka kuangalia muvi ya Kikorea ukumbini, akitoka ale tambi za moto kwa vijiti, ni kuvuka barabara tu. Mwaka Mpya wa Kichina ukifika, madragoni wa kitambaa wanacheza barabarani na watu wanapiga picha.

Mwanza hakuna mtaa kama huo. Ila usidanganyike ukadhani Uchina na Korea viko mbali na Mwanza. Toka pale njia panda ya Usagara, shika barabara ya Kigongo, utapanda Daraja la JPM, kama kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Makandarasi wake Wachina. Meli ya MV Mwanza, ile ya abiria 1,200, imejengwa na kampuni ya Korea Kusini. Nenda sokoni, mama atakuuzia fungu la chainizi ukapikie ugali, na hakuna anayejiuliza hiyo mboga jina limetoka wapi.

Halafu kuna sizoni. Hapo ndipo kwenye ugonjwa wenyewe.

Wakubwa wanakumbuka enzi za mabanda ya video, Bruce Lee na Jackie Chan, deki moja, televisheni moja, watoto hamsini wamekaa chini. Wanakumbuka muvi za kutafsiriwa, kazi ambayo Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliifanya mpaka sauti yake ikajulikana kuliko ya mchezaji mwenyewe. Mwaka 2011 TBC wakaonyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na akina mama waliokuwa hawana habari na Beijing wakaanza kumjadili mkwe wa Kichina kama jirani yao. Katikati hapo ikapita Jumong, vipande 81, watu hawalali. Ikaja Jewel in the Palace, ile ya msichana anayeanza kama mpishi wa ikulu mpaka anakuwa tabibu. Leo mtu anapeleka flashi yake kwa jamaa wa kujaza muvi, au anajiunga bando la usiku, asubuhi macho mekundu kama furu aliyekaa juani.

Sasa kuna mdada mmoja wa Kirumba. Jina lake libaki huko huko Kirumba. Miaka 23, amemaliza kidato cha nne, anafanya kazi kwenye kiduka cha kujaza muvi na kutoa kopi. Huyu sizoni hazimtoki mdomoni. Anajua nani ameachana na nani Seoul, anajua Wakorea wanakula nini asubuhi, anabandika usoni zile barakoa za karatasi zenye majimaji anazouziwa na rafiki yake, kisha anajipiga picha anaweka statasi. Mtaani wanamwita Mkorea na anaitika.

Mama yake ni mtu wa Mwaloni. Zaidi ya miaka kumi na tano yuko pale kwenye soko la samaki, alianza na dagaa, sasa hivi ni dagaa na mabondo. Kwa asiyejua, bondo ni lile puto la hewa lililo tumboni mwa sangara, linalomsaidia kuelea. Linachanwa, linatolewa utando na damu, linaoshwa, linaanikwa mpaka linakauka na kuwa gumu la rangi ya asali. Sangara minofu yake inakwenda Ulaya na kwingine, kichwa na mifupa, ile wanayoiita mapanki, inabaki kwa wenye kipato kidogo, ila bondo safari yake ni Hong Kong na Uchina. Na kilo moja ya bondo kavu inaipita bei ya kilo ya samaki mwenyewe mara nyingi mno.

Mama huyu sizoni hazipendi. Kwake ni watu wanaolia lia na kunywa supu.

Mwaka jana mdada akapata wazo. Kwa nini wasifanye usiku wa Kikorea hapo hapo Kirumba? Wakaongea na mwenye kibanda umiza, akawapa siku ya Alhamisi kwa sababu hakukuwa na mpira. Kiingilio 3,000 pamoja na sahani. Projekta ya kuazima. Muvi ikachaguliwa Parasite, ile ya 2019 iliyochukua Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua. Maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza, kwa hiyo mshikaji mmoja akakabidhiwa maiki atafsiri palepale kama zamani.

Kazi ilikuwa kwenye msosi. Kimchi walitengeneza kwa kabichi, chumvi, pilipili, kitunguu swaumu na tangawizi, ikakaa siku tatu kwenye ndoo. Mama mtu alifunua kifuniko akarudi nyuma hatua mbili.

"We mtoto, hii si kachumbari iliyochacha?"

"Mama, ndivyo inavyotakiwa."

"Watu wakiharisha mimi simo."

Wali wa kuviringisha nao ulileta shida. Wakorea wanauviringisha kwenye karatasi nyembamba ya mwani, na Mwanza mwani huo utaupata wapi? Wakachemsha kidogo majani ya chainizi, wakaweka wali wa Magu, yai, karoti na tango, wakakunja. Haikuwa mbaya. Lakini kilichomaliza mchezo ni dagaa. Wakorea wana dagaa wao wa baharini, wadogo hivi, wanawakaanga na sosi ya soya na sukari mpaka wanang'aa. Mdada akachukua dagaa wa mama yake, akawatoa vichwa, akawakaanga vilevile na ufuta juu. Waliisha kabla muvi haijafika nusu. Watu walikuwa wanauliza hawa dagaa wametoka Korea au wapi. Wametoka Mwaloni, hatua mia tatu kutoka hapo walipokaa!

Walikuja watu arobaini na kitu. Mama naye alikuja, kwa kisingizio cha kulinda masufuria yake. Akakaa nyuma kwenye ndoo. Muvi inaanza, familia inaishi chumba cha chini ya ardhi, baba, mama na watoto wanakunja maboksi ya piza ili wapate hela ya kula. Kibanda kikatulia. Mama akasema kwa sauti, hata hakujua kama amesema kwa sauti:

"Kumbe na kule kuna watu kama sisi?"

Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la maana. Sizoni nyingi zimewajaza watu maghorofa, magari na wakaka wenye ngozi ya mtoto, mpaka mtu anaamini Korea nzima inaishi hivyo. Huyu mama kwa muvi moja tu alishaona kitu ambacho binti yake kwa sizoni mia hakukiona.

Baada ya kutoa gharama walibaki na elfu thelathini na kidogo. Si hela ya kutisha. Ila mdada akaona milango imefunguka, na ndipo vita ikaanza nyumbani.

Iko hivi. Mama alikuwa anacheza upatu na wenzake wa Mwaloni, na zamu yake ilikuwa inakaribia. Laki saba. Mdada akaiomba. Alitaka kwenda Dar es Salaam kusoma Kichina, amesikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius tangu 2013, na ameona vijana waliojua Kichina wakipata kazi za ukalimani kwenye miradi. Mama yeye laki saba alishaipangia. Ni mtaji wa mabondo, na mtaji wa mabondo ndio uliomsomesha huyo huyo mdada na wadogo zake wawili.

"Sizoni zimekuharibu," mama akamwambia. "Unataka kunipeleka hela yangu kwa Wachina wakati Wachina ndio wananiletea."

Siku nne hawasemeshani vizuri. Shikamoo, marahaba, basi. Kwenye nyumba ya vyumba viwili hiyo ni kelele kubwa.

Siku ya tano mama aliumwa mgongo, mdada akamsindikiza kwa mnunuzi kubeba mzigo. Mnunuzi ni Mchina, ana godauni, ana mizani, Kiswahili chake ni cha bei na salamu. Anachukua bondo moja moja, analiinua kwenye mwanga aone kama lina doa la damu au limechanika, anapanga mafungu: makubwa huku, ya kati huku, madogo kule. Unene, ukubwa, usafi. Kila fungu na bei yake. Halafu akamwonyesha mama mkono: kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooka, vingine vimekunjwa.

Mdada akadhani anamwambia nipigie simu.

Mama akatikisa kichwa. Akanyoosha gumba na kidole cha shahada kama bastola. Mnunuzi akacheka, wakaendelea kuvutana kwa vidole mpaka wakakubaliana.

Njiani mdada hakuweza kuvumilia. "Mama, mlikuwa mnafanya nini?"

"Ile ya kwanza ni sita. Hii ni nane. Ukivuka vidole viwili namna hii ni kumi. Ndivyo wanavyohesabu kwa mkono mmoja."

"Nani kakufundisha?"

"Nani anifundishe? Hela yangu ilikuwa inapotea, nikajifunza."

Mdada aliyeitwa Mkorea mtaa mzima alikuwa hajui hata hesabu ya mkono ya Kichina. Mama aliyesema Wachina ni watu wa kunywa supu tu alikuwa anazungumza nao kwa vidole miaka yote hiyo.

Usiku huo mdada akaingia mtandaoni, safari hii hakutafuta sizoni. Alitafuta bondo. Akakuta kumbe Hong Kong, eneo la Sheung Wan, kuna mtaa umejaa maduka ya vyakula vikavu vya majini, mabondo yamepangwa kwenye machupa ya kioo kama vito. Akakuta kwa wapishi wa Kikantoni bondo linakaa meza moja na pezi la papa, jongoo bahari na abaloni, vitu vya harusi na vya heshima. Akakuta wanawake wa huko wanalinywa kwenye supu baada ya kujifungua, na wengine wanaamini linalainisha ngozi kwa sababu limejaa kolajeni. Kolajeni! Neno lile lile lililoandikwa kwenye karatasi za kubandika usoni anazonunua yeye kwa hela yake ya wiki.

Akamwamsha mama. Akamwonyesha video ya mpishi analoweka bondo linavimba, kisha analiweka kwenye supu ya kuku. Mama alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili. Aliangalia mpaka mwisho.

"Hilo ni la samaki mkubwa," akasema. Kisha kimya kidogo. "Miaka yote nauza, sijawahi kulionja."

Hakuna aliyemwambia linaliwaje. Yeye alijua linaanikwaje na linauzwaje. Mtoto wake alijua supu za Seoul na hakujua kwamba ada yake ya shule ilitoka kwenye supu ya Hong Kong.

Msidhani laki saba iligeuka milioni saba. Mdada alipoona bei za kule alitaka kuruka, mama akamtuliza: kuna leseni, kuna vibali vya kusafirisha nje, kuna ndege, kuna mzigo kupungua uzito ukikauka, kuna mwenye mtaji mkubwa anayeweza kusubiri miezi na asiyeweza kusubiri hata wiki. Bei ya dukani Hong Kong si bei ya Mwaloni, na kati ya hizo mbili kuna watu wengi wa kula.

Walichokubaliana ni hiki. Laki tano imeingia kwenye mabondo. Laki mbili amepewa mdada, si ya nauli ya Dar, ni ya simu nzuri na bando, ajifunze Kichina kwa programu ya simu mwaka mzima, na kila Jumamosi aende godauni na mama. Akimudu kuongea na mnunuzi bila vidole, zamu ijayo ya upatu ni yake, aende Dar akasome vizuri. Alinung'unika, lakini yuko kwenye mwezi wa tano. Anaweza kusalimia, kuhesabu, kuuliza bei na kukataa bei. Mama anasema hilo la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote.

Sizoni anaangalia bado. Kimchi anatengeneza, na dagaa wa ufuta anauza kwenye vikopo pale kwenye kiduka cha kujaza muvi. Hakuna ubaya kupenda vya wenzako, meza ya watu wengine ni tamu na muvi zao nzuri. Ubaya ni kuikariri meza yao yote na usijue wewe umeweka nini juu yake.

Haya wadau, ninyi wa Kirumba, Igoma, Buhongwa, Usagara mpaka ng'ambo Sengerema: zaidi ya sizoni zinazoingia, ni kitu gani kinatoka mtaani kwenu kwenda kwao? Na bei yake huko mnaijua?