Neno Nililolikata kwa Wino Mwekundu



Hivi karibuni nilipata barua pepe ya mwanafunzi wangu wa zamani, anayesoma Edinburgh, Uskoti. "Shikamoo Mwalimu," alianza, kisha akanisimulia maisha yake: ugali anaousonga kwa unga usiofanana na sembe yetu, jua la Desemba linalozama kabla ya saa kumi alasiri, na watu wanaosimama pamoja kituo cha basi bila kusalimiana.

Halafu akafika mlimani. Alikuwa amepanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Mbele ya Kilimanjaro yenye mita 5,895, huo haufiki hata robo. Hata hivyo, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: mawe yaliteleza, magoti yakatetemeka, na kule kileleni hakuona kitu ila ukungu.

Ukungu huo ndio uliomfanya aniandikie. "Mwalimu, natunga shairi, na neno 'ukungu' halinitoshi. Nilipokuwa kidato cha pili nilitumia katika insha neno la Kisagara, la ule ukungu unaopanda alfajiri kutoka bonde la Mkondoa, ukaviacha vilele vya Rubeho peke yake. Ulilikata. Sasa nimelisahau. Je, unalikumbuka?"

Niliikumbuka kalamu, neno sikulikumbuka.

Chuoni tulikofunzwa ualimu, tuliapa kukilinda Kiswahili fasaha. Mezani pangu palikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na neno lisilokuwamo humo kwangu halikuwa neno. Nikalipiga mstari, nikaandika pembeni: "Lugha ya nyumbani!" Wakati huohuo nilikuwa nikifundisha ngeli kila wiki, nami sikujiuliza hata siku moja kwamba neno "ngeli" lenyewe lilitoka Kihaya, wala kwamba "ikulu" ilitufikia kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Kiswahili nilichokilinda kilikuwa kimenenepa kwa maziwa ya ndugu zake.

Nilipanda basi la Kilosa, nikapita kijiji cha Ulaya (naam, sisi Ulaya tunaifikia kwa basi), nikamtafuta bibi mmoja aliyezaliwa kwenye miteremko ya Rubeho. Nikamwamkia, nikamweleza haja yangu. Alifumba macho kwa muda mrefu.

"Mama yangu alilitamka kila kulipokucha," akasema. "Mimi limenitoka. Watoto wangu nilikuwa nawaambia 'ukungu' tu. Shuleni walimu waliwakataza maneno yetu."

Hakujua kwamba mimi ni mwalimu. Nami sikumwambia.

Usiku ule nilimjibu mwanafunzi wangu: "Mwanangu, neno sikulipata. Kosa halikuwa lako, lilikuwa langu. Ningeweza kuandika pembeni, 'Tufafanulie,' na leo tungekuwa nalo sote wawili." Akanijibu kwamba ameacha nafasi tupu katika ubeti wa tatu, na kwamba hataijaza kwa neno jingine.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema lolote juu ya yule aliyewaachisha wengine asili yao kwa wino mwekundu. Kwa hiyo, msomaji uliyelelewa Rubeho au Ukaguru, ikiwa bibi yako yu hai, muulize kesho alfajiri, kabla jua halijapanda. Kisha uniandikie. Kuna ubeti unasubiri.