Jua la Usagara

Ukisafiri kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga utafika Usagara, mahali njia inapogawanyika. Moja huendelea Misungwi. Nyingine hukunja kulia kwenda Kigongo, ikavuka ziwa kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2025 hadi Busisi, Sengerema na Geita.

Jua la hapa si la mzaha. Ikweta iko karibu, na nchi imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Chini ya mwembe nilimkuta mama muuza nyanya na mwanawe mwenye ualbino, wa umri wa miaka saba hivi. Uso wa mtoto uling'aa kwa mafuta ya mgando. "Nampaka kila asubuhi, mwanangu, jua lisimuunguze," aliniambia.

Mapenzi yake hayakuwa na dosari. Kosa lilikuwa katika kopo. Mafuta ya mgando hulainisha ngozi, hayazuii mionzi. Nikamweleza kwamba mafuta ya kukinga jua ni ya namna mbili. Yapo yenye madini, kama oksaidi ya zinki, ambayo hukaa juu ya ngozi na pengine kuacha weupe. Yapo pia yenye kemikali zinazofyonza mionzi. Haya hupakwa kama dakika 20 kabla ya kutoka nje. Kiwango cha 30 maana yake ni kwamba, yakipakwa vya kutosha, sehemu moja tu kati ya 30 ya mionzi inayounguza hupenya. Yote hurudiwa kila baada ya saa mbili. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, yametengenezwa mafuta ya Kilisun mahsusi kwa wenye ualbino.

"Na asiyekuwa nayo je?" akauliza.

Swali la haki. Ndugu msomaji, ngao ya kwanza ni nguo: shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito, na kofia pana pande zote, maana kapelo huacha masikio na shingo. Kisha kivuli, tangu saa nne hadi saa kumi. Mambo hayo ni madogo, lakini kansa ya ngozi imewaua wengi wenye ualbino wangali vijana.

Basi likapiga honi. Nilipogeuka, kivuli cha mwembe kilikuwa kimehama. Mama alikuwa amemvuta mwanawe kukifuata, na kumfunika kichwa, masikio na shingo kwa kanga yake.