Kijana wa Miaka 14 na Kitabu cha Ubatizo



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitusubiri mlangoni pa kanisa. Binti yake amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea ustawi wa jamii. Mama hakupendezwa. Alitarajia ualimu au uuguzi, akatuuliza: "Padre, hiyo kazi ya kugawa misaada nayo ni kazi ya kusomea?" Tulimjibu kwa kifupi kwamba ni kazi njema, amwache binti aende. Jibu kamili lilitushinda pale mlangoni, kwa kuwa ndani yake limo kosa letu sisi wenyewe. Juma hili tumeona vema tulitoe. Hatutataja majina, na wanaomfahamu kijana tutakayemsimulia tunawaomba wamtunzie heshima yake.

Yapata miaka mitano iliyopita, siku ya Ijumaa, katika msimu wa kuuza pamba, alifika ofisini pa parokia afisa ustawi wa jamii, dada mwenye umri usiofika miaka 30. Alikuja kwa bodaboda, vumbi la barabara limemjaa hadi kwenye nyusi. Alituamkia kwa adabu, nasi tukamwitikia. Akaeleza shida yake. Kijana wa kigango chetu kimoja alikuwa amekamatwa kwa kuiba fedha za mauzo ya pamba, naye aliwekwa mahabusu pamoja na watu wazima. Katika karatasi aliandikwa kuwa ana miaka 19. Mama yake alisema hajatimiza hata 15, ila cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Alichokumbuka mama ni kwamba mwanawe alibatizwa hapa, akiwa mchanga.

"Padre, naomba tutazame kitabu cha ubatizo," alisema yule dada.

Kitabu kilikuwa kabatini, hatua nne kutoka tulipokuwa tumesimama, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu. Lakini tulikuwa tumekwisha kubeba mkoba, tunaelekea kigangoni kwenye harambee ya paa la kanisa, nasi tulikuwa tumechelewa. Tulimwambia aje Jumatatu. Akasema, "Padre, yuko chumba kimoja na watu wazima." Tukamjibu kwamba kijana huyo alikuwa anajulikana kijijini kwa ukorofi, na kwamba siku mbili tatu za kulala ndani huenda zikamfunza adabu.

Hayo ndiyo maneno tuliyoyatamka. Dada yule hakubishana. Alishukuru, akapanda bodaboda, akaondoka. Harambee ilifana, na sehemu ya paa lile ndiyo inayowafunika leo ndugu zetu wa kigango hicho.

Jumatatu alikuwa mlangoni kabla Misa ya asubuhi haijakwisha. Tulifungua kitabu. Jina lilikuwepo, kwa mwandiko wa paroko aliyetutangulia: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, baba, mama, msimamizi. Tulihesabu mara mbili. Kijana alikuwa na miaka 14. Kutafuta hakukutuchukua hata dakika kumi, na kwa ajili ya dakika hizo mtoto alikuwa amelala usiku mwingine wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili mahali asipopaswa kuwa.

Wapendwa, hatukuwa tunaijua sheria, na wengi wetu hatuijui hadi leo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Akituhumiwa kwa kosa, asichanganywe na watu wazima. Shauri lake lisikilizwe na Mahakama ya Watoto, faraghani, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Hata akipatikana na hatia, mahakama haiwezi kumhukumu kifungo cha gerezani. Nayo Kanuni ya Adhabu inasema kwamba aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai, na aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alijua alitendalo si haki. Ulinzi huo wote unasimama juu ya jambo moja, yaani umri. Anayeandikiwa miaka 19 ameondolewa katika ulinzi huo, hata kama ndevu hazijamwota.

Shauri lilisikilizwa katika chumba cha hakimu, mlango umefungwa. Nasi tuliitwa kuthibitisha kitabu chetu. Humo ndimo tulimosikia taarifa ambayo yule dada aliiandaa kwa kutembea nyumba kwa nyumba: kwa mama, kwa mjomba, kwa mwalimu wa darasa, hata kwa wenzake wa machungani. Mengi aliyoyasema si yetu kuyaandika. Moja mama mwenyewe ameturuhusu tuliseme. Kijana yule hakuzaliwa mkorofi. Alianza kubadilika baada ya kifo cha ghafula cha baba yake, kwani ndiye aliyemkuta amekufa. Tangu siku hiyo hakulala vema usiku, akaacha shule, akaanza kugombana na watu, kisha akajifunza kunywa gongo ili apate usingizi.

Tulipoyasikia hayo tuliinamisha vichwa. Baba huyo sisi ndio tuliomzika. Tulisali kaburini, tukampa mama pole, tukala chakula cha msiba, na mtoto yule alikuwepo. Hatukumwita, wala hatukumwuliza neno. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 18, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Sisi tunaoshinda misibani tuna nafasi ya kuyatambua mapema kuliko daktari, lakini mara nyingi tunayaita ukorofi, na wengine huyaita kurogwa.

Mahakama iliamuru kijana arudi nyumbani chini ya uangalizi wa afisa yule. Lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu yake. Sungusungu walikuwa wamemtenga: asipewe moto, asichunge na wenzake, atakayempokea atozwe faini. Tunawaheshimu Sungusungu. Walizaliwa huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda wananchi, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua kama sehemu ya mgambo. Wameokoa mali na uhai wa watu. Lakini kumtenga mtoto ambaye tayari amejitenga na uhai ni jambo zito, na yule dada alilijua. Alitujia tena, safari hii akitaka twende naye kuketi na banamhala. Tulikwenda.

Tulidhani atawasomea vifungu vya sheria. Kumbe aliwauliza swali: zamani, kijana alipokosa, ni nani aliyemshughulikia? Wazee walinyamaza kidogo, kisha mmoja akamtaja nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, aliyewaongoza katika kazi za kulima kwa zamu na kuwarudi walipokosa. Kijana alitozwa na kurekebishwa na kundi lake mwenyewe, kisha akaendelea kulima nalo, wala hakufukuzwa kwa kosa moja. Baada ya mzee huyo kusema, baraza lilibadili sauti. Tulikaa hadi jua likazama. Mwisho mjomba alikubali kurudisha fedha zilizoibwa kwa awamu mbili, kijana akaomba radhi mbele ya mwenye mali, na mzee yuleyule aliyemkumbuka nsumba ntale akajitolea kumchukua achunge pamoja na wajukuu zake. Kutengwa kukaondolewa. Afisa naye akaahidi kumtembelea kila mwezi na kumfikisha hospitalini kwa ushauri, naye alitimiza.

Baadaye tulisoma kwamba njia hiyo si ngeni duniani. Huko Marekani taifa la Wanavajo lilianzisha mwaka 1982 mahakama ya wapatanishi, ambamo wenye ugomvi na ndugu zao huketi pamoja kwa desturi ya wazee wao. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1989 iliyochota katika desturi za Wamaori, ikataka familia ikutane na kushauriana juu ya kijana aliyekosa. Mataifa hayo yaliiweka hekima ya wazee ndani ya sheria ili mtoto apate ulinzi wa pande zote mbili. Maana desturi peke yake yaweza kumtenga mtoto, na sheria peke yake yaweza kuishia kwenye karatasi iliyoandikwa umri wa uongo.

Basi, mama mpendwa, hili ndilo jibu letu. Binti yako hataki kwenda kugawa misaada. Anataka kwenda kujifunza kazi ya kusimama kati ya mtoto na mlango wa mahabusu. Atasoma sheria, atasoma namna akili ya kijana inavyoumia na inavyopona, atajifunza kusikiliza familia na kuiandikia mahakama ukweli. Chuo cha Ustawi wa Jamii kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, nacho kimewalea wengi wa namna hiyo. Baadaye huenda akaitwa mahali zinapoandikwa sera za nchi nzima. Akifika huko, tunaomba awe bado anakumbuka vumbi la Bariadi. Mahabusu za watoto zimo katika miji michache kama Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya, na Shule ya Maadilisho ya Irambo iko mkoani Mbeya. Kutoka kwetu kote huko ni mbali mno kwa mama anayetaka kumwona mwanawe. Sera njema itaandikwa na mtu anayeujua umbali huo.

Kanisa nalo lina mtangulizi katika kazi hii. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyepewa upadre mwaka 1841, alifuatana na Padre Cafasso katika magereza ya Torino, akawaona vijana wadogo wakioza humo. Alitambua kwamba wengi walirudi gerezani kwa kuwa walipotoka hawakumkuta mtu wa kuwapokea. Akaamua kuwa mtu huyo. Sisi tulisoma maisha yake seminarini, tukafanya mtihani, tukafaulu. Siku alipokuja mtu kutuomba tufungue kabati, tulikuwa na harambee.

Kijana wetu yu hai, anachunga, analima, na msimu uliopita aliuza pamba yake mwenyewe. Mwaka huu ametimiza miaka 19, ule umri aliopewa kabla ya wakati. Tulimwomba msamaha kwa zile siku tatu. Alisema, "Yamepita, Padre," kisha akatazama pembeni. Yaliyompata humo ndani hajatusimulia, nasi hatumlazimishi. Anapopita mbele ya parokia hutusalimu. Kanisani bado hajarudi, nasi tunajua kwamba sehemu ya sababu ni sisi.

Tangu wakati huo ufunguo wa pili wa kabati anao katekista, na kitabu cha ubatizo hufunguliwa siku yoyote, saa yoyote, kwa yeyote mwenye haja ya kweli. Nanyi wazazi, waandikisheni watoto wenu. Walio chini ya miaka 5 hupata cheti cha kuzaliwa bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Msingoje hadi mtoto afikishwe mahali ambapo mtu mwingine atamkadiria umri kwa kumtazama kimo. Na katika misiba yenu, mkishawapa pole wakubwa, mtafuteni na mtoto. Kaeni naye chini, mwulizeni kama analala.

Juma hili tuwaombee watoto wote walio mahabusu, na maafisa wanaowatafuta. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu, Ngulyati