Kabati na Kuta za Kumbukumbu

Msafiri wa pwani asikiapo jina la Kabati hukumbuka la vyombo. Kumbe ni mji wa soko wa Kitui Magharibi, Ukambani. Na katika sebule nyingi za huko, kumbukumbu hazifichwi kabatini. Hutundikwa ukutani, juu karibu na dari: picha ya arusi, ya kijana aliyevaa joho la mahafali, ya babu aliyefariki, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna mwenye moyo wa kuibandua.

Sisi tumerithi zidaka. Nyumba za mawe za Lamu, za karne ya 18, zina kuta zilizochongwa vidaka vya chokaa ambamo sahani za Kichina zilipangwa; mgeni aliijua nyumba pasipo kuona sura ya mtu.

Bi Aisha (r.a.) alitundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akachukizwa, likakatwa, likawa mito. Kuhusu picha za kamera wanazuoni wamekhitilafiana, na mimi naona aliyefiwa na mamake asikaripiwe kwa picha moja aliyobaki nayo. Aelezwe kwa upole.

Yule mke wa Kikamba aliyeolewa pwani anacho cha kutundika: kiondo cha katani alichosukiwa na mamake. Fundo la mwisho, pale mkono ulipokaza uzi, huonekana wazi mwanga wa dirisha ukikipiga.