Safari ya Kwanza Moshi: Tovuti ya Maktaba ni ya Nani?

Tulipofika Njia Panda ya Himo, mama niliyekaa naye kwenye basi alinigusa bega: "Mlima umefunguka, dada, angalia." Kilele cha Kibo kilikuwa wazi, theluji yote nje. Sikuwa nimewahi kufika Moshi. Mimi ni mkutubi, na nilikuwa nakwenda kuungana na wenzangu wa chuo kimoja cha hapa waliokuwa wakiijenga upya tovuti ya maktaba yao.

Moshi ni mji wa vyuo hasa. Mwaka 1963 pekee vilianza viwili: Chuo cha Ushirika, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili, na Chuo cha Wanyamapori Mweka kule mlimani. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, na wanafunzi wa tiba wamejaa mtaani.

Kikaoni walikuwepo wakutubi, vijana wa TEHAMA, ofisa uhusiano na wahadhiri wachache. Muda mrefu uliishia kwenye swali la nani mwenye tovuti. TEHAMA ndio wenye seva na nenosiri, hivyo mkutubi akitaka kubadili saa za kufunga maktaba anaandika barua, kisha anasubiri. Uhusiano wanataka picha za wageni zikae juu. Wahadhiri hawakuwa wamewahi kuulizwa lolote.

Ndipo akaitwa binti wa mwaka wa kwanza, aifungue tovuti kwa simu yake na bando lake mwenyewe. Picha ya mahafali ikaja kwanza, polepole, ikijaza kioo chote. Akashusha, akashusha tena, hadi akakuta kisanduku cha kutafutia. Alipobonyeza "Rasilimali za Kielektroniki" akaombwa nenosiri ambalo hakuna aliyewahi kumpa. "Mimi huwa naenda Google tu, madam," alisema.

Iliniuma, kwa sababu majarida yapo. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani, kupitia mpango wake wa HINARI, limezifungulia nchi kama yetu majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo, na fani nyingine zikafuata. Programu ya katalogi nayo ipo: Koha, iliyozaliwa New Zealand, haina ada ya leseni. Kinachokosekana ni watu wa kukaa pamoja na kuitunza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kisanduku kipande juu, picha zipunguzwe uzito, mkutubi apewe ruhusa ya kubadili maandishi mwenyewe, TEHAMA wabaki na usalama na nakala rudufu, kila idara itoe mhadhiri wa kuleta orodha ya vitabu kabla ya muhula.

Jumapili mwenyeji wangu alinipeleka Kibosho. Chini ya migomba na kahawa ulipita mfereji wa asili, maji yakikimbia. Nikamwamkia mzee aliyekuwa akizibua majani kwa jembe, naye akanieleza: maji ni kwa zamu, siku ya kusafisha kila nyumba hutoa mtu, asiyetokea hutozwa faini. Nilipomwambia kazi iliyonileta akauliza, "Na hiyo yenu, mwanangu, siku ya kusafisha ni lini?"

Jumatatu nililirudisha swali hilo mezani kama lilivyo. Tukakubaliana Jumatano ya kwanza ya kila mwezi: wakutubi na TEHAMA wakae kwenye meza moja, wakague viungo vilivyokatika, na mwanafunzi mmoja aje na simu yake. Faini hatukuweka. Mhadhiri wa takwimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha jina lake.