Lafudhi ya Gitaa

Kwa Kiswahili twakiita kikuza sauti, nami nimeanza kulishuku jina hilo. Juzi rafiki yangu mpiga gitaa alinisikilizisha vikuza sauti viwili vya valvu, vyote kazi ya mafundi wa Marekani. Matchless DC-30, chenye nasaba ya Vox AC30 ya Uingereza, kina valvu nne ndogo za EL84. Noti zake zilimetameta, na alipopiga kwa nguvu zilikwaruza kama koo la mwimbaji. Two-Rock Classic Reverb, chenye valvu kubwa za 6L6, kilizitoa noti zile zile pana na safi, kila moja na nafasi yake. Gitaa moja, vidole vile vile. Kilichobadilika si ukubwa wa sauti, bali lafudhi.

Nikamuuliza kipi kilicho sahihi. Akacheka. “Mkwaruzo huo ni valvu kulemewa, ndugu yangu. Fundi aliujua, akauacha.”

Nilinyamaza. Miaka mingi nimeghani mashairi kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikiificha lafudhi ya Makunduchi niliyorithi kwa bibi. Nilidhani naisafisha sauti yangu. Ijumaa hii nitaghani kama alivyosema bibi.